Maiti aliyehema: ukungu wa barafu kavu jukwaani

Mwezi Julai, wakati baridi ya Mbeya inawafanya watazamaji wakae ukumbini na makoti yao, kikundi chetu cha maigizo kilionyesha mchezo ambao onyesho lake la mwisho ni alfajiri kandokando ya Ziwa Ngosi, mzee mmoja akiwa amekufa majanini na ukungu ukipita juu yake. Kazi ya ukungu nilipewa mimi. Mashine ya moshi inayokodishwa kwa ajili ya harusi niliikataa tangu mwanzo, kwa kuwa moshi wake hupanda, hufunika nyuso za waigizaji na kuning'inia kwenye taa, nami nilitaka ukungu unaolala chini kama ule wa ziwani. Huo hutokana na barafu kavu.

Barafu kavu ni kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, iliyogandishwa. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ndiyo maana haishikwi kwa mikono mitupu, na ikipata joto haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka gesi moja kwa moja. Tulichemsha maji kwenye sufuria kubwa za shughuli, tukayamimina katika pipa lililokuwa nyuma ya pazia, kisha nikateremsha kilo tatu za vipande kwa kikapu cha waya. Pipa lilinguruma, na weupe mzito ukamwagika kupitia bomba hadi ukajaa sakafu nzima ya jukwaa. Nakiri kwamba nilijivuna.

Mzee wetu, ambaye kwa kweli ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepakwa unga kichwani, alikuwa amelala chali. Dakika ya tatu au ya nne niliona kifua chake kinapanda na kushuka haraka kuliko inavyofaa mtu aliye hai, sembuse maiti, na mtoto wa safu ya mbele akapaza sauti: "Maiti anahema!" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi sikucheka, niliamuru pazia lifungwe kabla ya wimbo wa mwisho. Kijana aliinuka akiwa ameshika kichwa, akaniambia, "Mwalimu, kifua kilikuwa kinakwenda chenyewe, kama nimepanda Mlima Loleza mbio."

Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye macho. Nilidhani kile cheupe ndicho gesi, kwa hiyo niliamini kwamba pale ukungu ulipopungua hatari nayo ilikuwa imepungua. Weupe ule ni matone madogo mno ya maji yaliyotokana na mvuke kupoozwa ghafla, lakini gesi yenyewe haina rangi, ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa, na hubaki imetanda sakafuni hata baada ya ukungu kutoweka. Mwili huitambua hewa ukaa inapozidi, na jibu lake la kwanza ni kuhema, jambo ambalo muigizaji hawezi kulizuia hata akiwa hodari namna gani.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kilo moja ya barafu kavu hutoa lita zipatazo 540 za gesi kule pwani, na hapa Mbeya, ambako tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa ni mdogo, hutoa zaidi ya lita 600. Kilo tatu, basi, ni zaidi ya lita 1,800, nalo jukwaa letu lina mita saba kwa tano. Gesi hiyo ikitandazwa peke yake hufikia kimo cha sentimita tano, na ikichanganyika na hewa hadi sentimita 30 bila kutoka jukwaani, inakuwa zaidi ya asilimia 15 ya kile anachovuta mtu aliyelala. Nchini Marekani asilimia 4 tu huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kilichotuokoa ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa imeporomoka kuelekea kwa watazamaji, ambao kwa bahati walikuwa wamekaa juu ya viti.

Aibu yangu inazidi nikikumbuka kwamba gesi hiihii hutoka ardhini kwa asili huko Rungwe, ambako huvunwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji, na kwamba kule Goma watu wana jina kabisa, mazuku, la mabonde ambamo hujikusanya na kuua mifugo.

Tangu hapo barafu husafiri kwenye boksi la povu ambalo kifuniko chake hakikazwi, maana gesi ikikosa pa kutokea hupasua chombo, na vioo vya gari huwa vimeshushwa hata kama abiria wanatetemeka. Tunatumia kilo moja, sakafu inapigwa deki mara pazia likifungwa kwa sababu huachwa imelowa na kuteleza, na mzee sasa anafia ameketi, ameegemea kisiki kirefu, kichwa kikiwa juu kabisa ya ukungu. Milango miwili ya pembeni hubaki wazi tangu pipa linapoanza kunguruma. Watazamaji wananung'unika kwa baridi, na mara ya mwisho mama mmoja alikuja na blanketi lake kutoka nyumbani.