Seva ya jamii Mbeya: saa ikirudi nyuma, mnatoweka

Kikundi cha wakulima wa kahawa Mbozi, kwaya ya Tukuyu, wanafunzi wa Iyunga: yeyote kati yao anaweza kuwa na mtandao wake wa kijamii, ukakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, na bado akazungumza na watu walioko Ujerumani au Brazili. Kila seva, yaani kompyuta inayobeba mtandao wa namna hiyo, ina wenyeji wake na sheria zake. Kinachoziunganisha ni itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Anayejua barua pepe zinavyotoka kampuni moja kwenda nyingine ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu iliyobaki ni kuifanya seva isizimike, na huku kwetu nyanda za juu kusini ndiko kazi iliko.

Programu, kwa ufupi. Mastodon ndiyo maarufu, lakini inabeba programu nyingine za PostgreSQL, Redis na Sidekiq kwa pamoja, na kwenye kompyuta ndogo italemewa. Kwa watu wasiozidi hamsini nashauri GoToSocial, ambayo ni faili moja ya programu na hifadhidata ya SQLite; RAM ya GB 1 inaitosha. Haina ukurasa wake wa kuandikia, kwa hiyo watu wanaingia kwa Tusky kwenye simu au Phanpy kwenye kivinjari. Waelezeni hilo mapema, maana mgeni akifungua anuani na kukuta ukurasa mtupu anadhani kimeharibika kitu.

Jina la kikoa, yaani anuani ya seva kwenye intaneti, lichagueni kwa kikao, si kwa haraka. Seva ikishaanza kuzungumza na wenzake, jina halibadiliki tena: akaunti zote, wafuasi wote, viungo vyote vimefungwa kwalo. Kama ni kikundi kilichosajiliwa, .or.tz inafaa. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi, kwa sababu fundi huhama, na barua ya kukumbusha malipo ya mwaka huenda kwake.

Sasa kompyuta yenyewe. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD inatosha. Msitumie kadi ya kumbukumbu kuwekea hifadhidata, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ndiyo ya kwanza kufa. Kikwazo kinachofuata ni intaneti ya simu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anuani moja ya IP, kwa hiyo seva ya nje haina mlango wa kubisha. Dawa yake ni kukodi seva ndogo yenye anuani ya wazi na kuiunganisha na Pi kwa WireGuard, programu inayofungua njia ya siri kati ya kompyuta mbili. Upande wa Pi wekeni PersistentKeepalive = 25, la sivyo njia inajifunga kila mkikaa kimya.

Hapa ndipo wengi wanapopotea siku nzima bila kujua tatizo ni nini. Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimika. Ikiwaka, inaanza na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Umeme umekatika jioni, umerudi asubuhi: Pi inaamini bado ni jioni. WireGuard hutia muhuri wa wakati kwenye salamu yake ya kwanza, na upande wa pili hukataa salamu yenye muhuri wa zamani kuliko aliokwisha kuuona, kwa kuiona kama ya mwizi anayerudia maneno ya jana. Njia haifunguki mpaka saa ya Pi iupite muhuri ule wa mwisho. Na kama mmeelekeza intaneti yote ipite humo (AllowedIPs = 0.0.0.0/0), Pi haiwezi hata kuuliza saa sahihi mtandaoni. Saa inangoja njia, njia inangoja saa.

Hata njia ikifunguka, kila ujumbe kati ya seva hutiwa saini pamoja na wakati wake, na Mastodon huukataa ulio na umri wa zaidi ya muda wa saa 12. Mnaandika, mnaona posti zenu, na nje hakuna anayezipata.

Tiba yake ni kifaa kidogo cha saa cha DS3231 chenye betri ya CR2032. Kichomekeni kwenye pini za I2C, ongezeni dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, ondoeni fake-hwclock, programu inayorudisha ile saa ya zamani. Kisha wekeni chrony, programu ya kuuliza saa mtandaoni, na AllowedIPs iwe anuani ya ndani ya WireGuard ya ile seva ya kukodi peke yake. Pi 5 ina saa ndani yake, ila betri yake hununuliwa kando, na bila hiyo mambo ni yale yale.

Umeme: Pi, SSD na ruta pamoja huchukua kama wati 12. Betri ya risasi ya 12V 20Ah, mkiitumia nusu tu ili idumu, inatoa Wh (wati-saa) 120, yaani saa nane au tisa baada ya upotevu. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huo huo inakaribia mara mbili ya hapo, lakini isichajiwe penye ubaridi chini ya nyuzi 0. Walioko Makete waiweke ndani ya nyumba. Na mvua za radi zikianza Novemba, kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya paa ni njia ya radi kama waya wa umeme ulivyo.

Usiku mmoja wa giza hauna madhara, kwa sababu seva nyingine hujaribu tena na posti hufika asubuhi. Lakini Mastodon ikishindwa kuwafikia kwa siku saba tofauti inawahesabu kuwa hampo, na inaacha kuwatumia mpaka isikie kutoka kwenu.

Lugha ya posti iwe Kiswahili kwenye mipangilio ya kila akaunti. Isipowekwa, posti huenda na alama ya lugha nyingine, na waliochuja lugha hawazioni.

Waambieni wenyeji wazi kwamba ujumbe wa faragha humu haujafungwa kwa ufunguo wa watu wawili. Msimamizi wa seva ya mtumaji anaweza kuusoma, na wa mpokeaji pia. Namba za simu na bei za mikataba zisipite humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu anayetunza majina na barua pepe za watu. Msimamizi aisome kabla ya kufungua usajili.

Nakala rudufu kila usiku kwa amri ya .backup ya SQLite, si kwa kunakili faili huku programu inaandika. Funguo za saini za kila akaunti zimo ndani ya hifadhidata hiyo. Mkiipoteza na kuanza upya kwa jina lile lile, seva nyingine zinawaona kama wageni waliovaa jina la mtu. Nakala moja ikae nje ya jengo, kwa mtu wa pili anayejua nenosiri na aliyewahi kuirudisha mwenyewe kwenye Pi nyingine, hata mara moja, kabla haijahitajika.