Miaka saba ya barua: nilivyomfadhili mtoto ambaye sijawahi kumwona

Kwenye droo ya kabati langu nina kiganja cha mtoto. Alikilaza juu ya karatasi akakizungushia penseli, na alipofika kwenye kidole gumba penseli ikateleza, mstari ukatoka mpaka ukingoni. Kucha amezichora zote tano. Katikati ya kiganja ameandika umri wake: 9. Siku barua ile ilipofika nililaza mkono wangu juu ya ule wa kwake, nikaona ncha za vidole vyake zinaishia kwenye viungo vya kati vya vidole vyangu.

Imepita miaka saba. Jina lake sitalitaja wala nchi yake, kwa sababu shirika lililotuunganisha lina kanuni za kumlinda mtoto na mimi nimejifunza kuziheshimu, tena kwa kukosea. Naandika kwa kuwa watu wengi ninaosali nao huniuliza nimewezaje muda wote huu, na karibu wote huuliza habari ya pesa tu.

Hata mimi nilianzia kwenye pesa. Mhudumu wa shirika alikuja ibadani na kadi zenye picha za watoto, akazipanga mezani karibu na mlango wa kutokea. Sikuchukua kadi siku ile. Nilitaka kwanza kujua fedha inapita wapi, na ningemshauri yeyote afanye hivyo hivyo kabla ya kuweka ahadi. Nilichogundua ni kwamba mashirika haya hayafanyi kazi kwa namna moja. Shirika la World Vision, lililoanzishwa na Bob Pierce mwaka 1950, huunganisha michango ya wafadhili na kuipeleka kwenye miradi ya jamii nzima anamoishi mtoto: maji, afya, masomo. Compassion, ambalo mhubiri Everett Swanson alilianzisha mwaka 1952 baada ya kuwaona yatima wa vita vya Korea, humwandikisha mtoto mmoja mmoja kwenye kituo kinachoendeshwa na kanisa la pale pale anapoishi. Njia ya kwanza inagusa watu wengi kwa pamoja. Ya pili inamfuata mtoto kwa jina lake. Mimi nilitaka awepo mtu mzima jirani naye, anayemjua kwa sura, atakayeuliza asipoonekana Jumamosi. Kwa hiyo nilichagua shirika linalofanya kazi kupitia vituo vya makanisa.

Bado nilikuwa na wasiwasi mmoja: je, hili linamsaidia mtoto kweli, au linatupa sisi usingizi mzuri tu? Jibu nililipata kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge. Walichunguza maisha ya watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, mahali ambapo Compassion ilikuwa imefadhili watoto miaka mingi nyuma. Waliwalinganisha waliofadhiliwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao mradi ulipofika walikuwa wameshavuka umri wa kuandikishwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi, kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Katika kila watu 100, waliomaliza sekondari walizidi kwa 12 hadi 18. Niliusoma ukurasa ule mara mbili. Wale ni watoto wa nyumba moja, mama mmoja, umaskini ule ule, na tofauti ikaonekana hata walipokuwa watu wazima.

Jumapili iliyofuata nikamwomba mhudumu anipe mtoto aliyekaa muda mrefu kuliko wote bila mfadhili. Hakuwa na haja ya kutafuta, alivuta kadi ya chini kabisa. "Wengi wanataka wadogo," akaniambia. "Wakishafika miaka tisa, kumi, watu wanawapita." Mvulana alikuwa amesimama wima mbele ya ukuta usiopakwa rangi, mikono ameibana ubavuni kama askari, hatabasamu.

Malipo yenyewe sina mengi ya kusema. Niliagiza benki ikate siku ile ile ya mshahara, kabla sijaushika. Nilivyojijua, ningeacha mpaka mwisho wa mwezi kusingebaki kitu, na kila mwezi ningekuwa na sababu nzuri.

Barua ndizo zilizonishinda mwanzoni. Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za mahubiri. Nilimweleza asome kwa bidii, amtii bibi yake, asali asubuhi na jioni, mtoto ambaye sikujua hata anapenda kucheza nini. Majibu yake nayo yalikuwa ya kujaza fomu: mnyama ninayempenda ni huyu, rafiki yangu anaitwa fulani, asante mfadhili. Nikaanza kuona uvivu. Nilifikiri ananiandikia kwa sababu mwalimu wa kituo amemsimamia, na pengine ilikuwa kweli.

Kisha nikafanya kosa nililolitaja. Kwenye barua ya tatu niliandika anwani ya nyumbani kwangu na namba ya simu, nikidhani ni ukarimu. Ofisi ilivifuta vyote viwili na kuniandikia kwa ukali kidogo. Niliumia sana. Nilijisikia kama mtu anayeshukiwa. Wiki nzima nilikuwa namlalamikia dada yangu, mpaka siku moja akaniuliza, "Mdogo wangu, hao wamekujua lini? Kama mimi ningekuwa mama wa huyo mtoto, ningetaka mgeni asiyejulikana awe anampigia simu mwanangu?" Sikuwa na la kujibu. Kufuta namba yangu ndiyo kazi niliyokuwa nawachangia waifanye.

Baada ya hapo nilijifunza kuandika. Mtu aliyenisaidia zaidi ni mmoja wa watafsiri wa kujitolea niliyekutana naye kwenye semina ya shirika. Alinieleza kwamba barua yangu hupita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kumfikia mtoto, na kila fumbo na kila methali ninayoweka ni kokoto njiani. Sentensi fupi. Jambo moja katika kila aya. Usimwambie kuhusu vitu ulivyonunua. Usimwahidi kwamba utakuja kumtembelea, kwa sababu atasubiri kweli. Na akasema jambo ambalo sikulitegemea: watoto hupenda kusikia mtu mzima alishindwa nini. Basi nikamwandikia kwamba nilipokuwa na umri wake niliogopa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, mpaka mikono ikawa inalowa jasho na kurasa za kitabu zinajikunja. Jibu lake ndilo lililokuja na kiganja. Chini yake ameandika: mimi pia naogopa, lakini jana nilisoma mistari minne.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma kwamba Glewwe na Wydick, wakiwa na mwenzao Phillip Ross, waliwapa watoto wa Indonesia penseli za rangi wajichore wenyewe, kisha wakaichambua michoro ile. Ya watoto waliofadhiliwa ilionyesha matumaini zaidi. Sikushangaa hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaona kucha tano.

Mwaka wa nne nilipoteza kazi. Miezi miwili ya mwanzo nililipa kutoka akiba, wa tatu nikashindwa, na nikafanya kile ambacho hadi leo kinanichoma: nilinyamaza. Sikupiga simu ofisini. Sikumwandikia mtoto. Barua zake mbili zilikuja nikaziweka mezani bila kuzifungua, kwa sababu niliona sina haki ya kuzisoma kama silipi. Niliambatanisha thamani yangu kwake na yale malipo. Nilikaa kimya miezi saba.

Ya tatu niliifungua. Ilikuwa fupi kuliko zote. Baada ya salamu, kwa mwandiko nadhifu wa mtafsiri, kulikuwa na mstari mmoja: "Shangazi, je, kuna jambo nimekukosea?"

Niliketi sakafuni jikoni, barua mkononi. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa amehesabu miezi, akatafuta sababu, akajikuta yeye. Huko nyuma, nilivyokuja kujua, baba yake naye aliondoka bila kusema neno.

Asubuhi yake nilipiga simu ofisini, sauti inatetemeka. Mama aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mtoto hajaondolewa kituoni, kwamba kuna mfuko wa pamoja unaowashika watoto ambao wafadhili wao wamekwama, na kwamba wangeweza kumtafutia mfadhili mwingine kama nitapenda. "Lakini hata ukiacha kulipa," akasema, "mwandikie. Usimwache bila kumuaga." Laiti ningepiga simu ile mwezi wa tatu. Ningekuwa na jibu lile lile, na mtoto asingejiuliza swali lile. Yeyote aliyekwama na anajificha, namsihi apige simu leo.

Jioni nilikwenda kwa dada. "Dada, nimeshindwa," nikamwambia, nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaisoma tena. Hakunilaumu. Alisema atatoa nusu mpaka nisimame, na kwamba nusu nyingine tutaitafuta kwenye kikundi chetu cha maombi. Kina mama watatu walijitokeza. Kwa mwaka mmoja na miezi minne mtoto yule alifadhiliwa na wanawake watano wenye vipato vidogo, kila mmoja akitoa alichoweza siku ya kukutana, na jina moja tu, langu, kwenye fomu. Nilipopata kazi nilitaka kulibeba tena peke yangu. Walikataa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba nisimnyang'anye mtoto wake.

Kwa mtoto nilijibu siku ile ile, kabla sijaenda kwa dada. Nilimwandikia ukweli: nilipoteza kazi, niliona aibu, aibu ikanifunga mdomo, wewe hujakosa lolote. Niliomba msamaha. Mtu mmoja kanisani aliniambia haifai mtu mzima kumwomba mtoto msamaha namna ile. Sikubaliani naye kabisa.

Kuna jambo jingine lililonisumbua muda mrefu, nalo ni dada mdogo wa mtoto wangu yule. Kituo huandikisha kwa nafasi, na yeye hakuwa na nafasi. Mmoja ana mfadhili, ana barua zenye jina lake, mwingine anatazama. Nilimuuliza mhudumu, akanieleza kuhusu zawadi ya familia, ambapo kituo huketi na mlezi wakaamua pamoja kinachohitajika. Tulijichanga tukatuma. Miezi mitatu baadaye ikaja picha: godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni, na juu yake wameketi wote wawili, yeye akijitahidi kuwa mkubwa, dada yake ameruka hewani kiasi kwamba uso haukupatikana vizuri. Tangu hapo kila barua ina kona ya chini ya yule dada mdogo, ua au nyumba au duara tu, na mimi humjibu kwenye kona hiyo hiyo.

Niliuliza pia kama bibi yao, ambaye si Mkristo, alilazimishwa chochote. Niliambiwa hapana, na baadaye bibi mwenyewe alituma salamu akisema ananiombea kwa njia yake. Nilizipokea kwa moyo wote.

Najua pia kwamba haya yanaweza kukatika ghafla bila kosa la mtu yeyote kati yetu. Machi 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi yake India kwa sababu ya masharti ya serikali kuhusu fedha za kutoka nje, na watoto zaidi ya 140,000 wakapoteza ufadhili kwa mkupuo. Nikikumbuka hilo, siahirishi barua. Lililo moyoni huliandika sasa.

Ana miaka kumi na sita. Mwaka huu ameacha kujaza fomu, anaandika kurasa zake mwenyewe. Na mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, kiganja kimerudi. Hakukizungushia kwa mchezo, amepima: vidole vimenyooka, mstari haukuteleza. Nimelaza wangu juu yake. Wake umenizidi.

Pembeni ameuliza: "Shangazi, ulipokuwa na umri wangu ulitaka kufanya kazi gani, na kwa nini hukuifanya?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Karatasi iko mezani tangu jana. Nimeshaandika tarehe na salamu, na nimezungushia mkono wangu penseli. Nikimaliza kazi za leo nitamjibu.