Bajaji kazaa, halafu hataki kunyonyesha

Bajaji kazaa jamani! Kwa wasiomjua, Bajaji ni punda wetu jike hapa nyumbani Handeni, jina kampa kaka yangu msiniulize, na huu ndo uzao wake wa kwanza. Tumemsubiri mpaka tukachoka maana punda anabeba mimba kama mwaka mzima hivi, wengine wanapitiliza mpaka miezi 13 au 14, sasa kila ukipita kisimani watu wanakuuliza vipi huyo, unajibu bado, mwishowe unaonekana muongo.

Kazaa alfajiri, na punda ndo zao, wanangoja watu walale. Kuzaa kwenyewe wala hakukuwa na shida, mtoto tumemkuta chini kalowa, masikio makubwa kuliko uso, mama yake anamlamba. Haikupita saa akainuka, akaanguka, akainuka tena miguu imetanuka huko na huko. Kasheshe ikaanza pale alipotaka kunyonya. Kila pua ikigusa kiwele Bajaji anapiga ukelele, anazunguka, anarusha teke.

Jirani yetu mmoja akasema huyo hampendi mwanawe, mfungeni miguu mumtandike bakora mbili tatu atatulia. Mimi nikagoma. Punda anayemkataa mtoto utamjua tu, analaza masikio anamfuata kumng'ata, sasa huyu anamlamba, anamnusa, mtoto akisogea kidogo anamfuata, chuki iko wapi hapo? Shida ilikuwa kwenye kiwele. Kimejaa kikakaza, chuchu zimetuna zinang'aa, ukiweka mkono kina moto. Na ujue punda ana chuchu mbili tu, si nne kama ng'ombe, tena zimejificha huko katikati ya mapaja, na huyu hajawahi kuguswa huko tangu azaliwe. Hata ungekuwa wewe ungeruka.

Mama akampigia simu afisa mifugo wa kata, yuko kijiji kingine lakini bahati nzuri akapokea. Akasema msipanike ila msikae pia, angalieni saa: ndani ya saa 1 mtoto awe amesimama, ndani ya saa 2 awe amenyonya, ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka. Akatuelewesha na sababu, kwamba mtoto wa punda (na wa farasi hivyohivyo) anazaliwa hana kinga ya magonjwa, kondo la mama yake halipitishi kinga kama la binadamu, kinga yote iko kwenye dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza kabisa baada ya kuzaa, na utumbo wake unaipokea masaa ya mwanzo tu, yakishapita 12 inapungua sana na ikifika 24 ndo basi tena, hata anyweshwe ndoo nzima itabaki kuwa chakula tu.

Kwanza tukawatoa watoto wote bandani na wapiga picha wao, maana kelele zinamzidishia mama wasiwasi. Tukamsogeza Bajaji ubavu mmoja ukutani asipate pa kuzungukia, mama akashika kamba kichwani huku anamwekea pumba kidogokidogo na kumsemesha, "tulia mwanangu, tulia," na kaka akainua mguu wa mbele wa upande niliosimama mimi, kwa sababu punda akiinuliwa mguu wa mbele, kurusha teke upande huohuo inakuwa kazi. Nikachovya taulo kwenye maji ya uvuguvugu nikalikamua nikamkanda kiwele. Alitetemeka ngozi mwili mzima, akafinya mkia, ila pumba akaendelea nazo. Nikaanza kukamua kidogo kwa vidole, ikatoka dang'a nzito, ya njano, inanata kama asali, na kadiri inavyotoka kiwele kinalainika nikamsikia anashusha pumzi. Hapo ndo penyewe, maumivu yakipungua nusu ya ugomvi imeisha.

Mtoto sasa. Wengi wanamkamata kichwa wanamsukumiza kwenye chuchu, na ukimsukuma kichwa anakurudishia nguvu, anakaza shingo, mtashindana mpaka achoke na yeye nguvu hana. Mwache kichwa. Weka mkono nyuma kwenye matako umsogeze polepole, yeye anatafuta penye giza penye kona, ndo maana utamkuta ananyonya ukuta, kiwiko cha mama yake, hata suruali yako. Nikapaka dang'a kidoleni, akakinyonya, nikakirudisha taratibu mpaka kwenye chuchu kisha nikakichomoa. Akaikosa, akaikosa tena, halafu akaipata! Ulimi umejikunja chini ya chuchu, mkia unapiga huku na huku, na kooni unaona kabisa kinashuka kitu. Bajaji akainua mguu wa nyuma, wote tukabana pumzi, akaushusha.

Angechelewa zaidi tungekamua dang'a ileile ya mama yake tumpe kwa chupa, akiwa amesimama, kichwa usawa wake wa kawaida. Msimlaze mkamnyanyua kichwa mkammiminia kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu, na msikimbilie maziwa ya ng'ombe dang'a ikiwepo. Kitovu tulikichovya kwenye dawa ya aidini, na kile kinyesi cha kwanza cheusi kigumu kinatakiwa kitoke ndani ya siku ya kwanza, chetu kilitoka.

Usiku nilikuwa naamka kuchungulia. Mtoto anayenyonya vizuri anakunywa kidogokidogo mara nyingi sana, na kiwele hakikai kimejaa. Ukiona maziwa yamemkaukia usoni ujue anasimama chini ya chuchu yanamdondokea tu, hanyonyi, usidanganyike.

Kuna waliotucheka, punda tu huyo mnamhangaikia hivyo? Punda tu! Biashara ya ngozi imewapukutisha mpaka Umoja wa Afrika Februari 2024 ukapiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi, halafu mtu anakwambia punda tu.

Kondo lilitoka ndani ya muda, tukalitandaza chini kuangalia kama ni zima, tukalifukia mbali mbwa wasilifikie. Bajaji yuko mapumziko ya uzazi, maji anasomba kaka kwa mkokoteni, na analalamika kuliko punda mwenyewe. Yule jirani jioni alikuja kumwangalia mtoto, akasimama mlangoni mwa banda, akasema eti, "Si niliwaambia atatulia?"