Mwanga wa mjomba na mafaili ya Marekani
Mjomba wangu huvua usiku kutoka Sahare, hapa Tanga. Akisema ameona mwanga ambao si nyota wala karabai ya wavuvi wenzake, mimi namwamini. Ndiyo maana habari za Project Blue Book, mradi wa Marekani wa kuchunguza mianga kama hiyo, zinanigusa. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 za mianga na vyombo vya angani, kuanzia 1947 hadi 1969. 701 zikabaki bila maelezo.

Machi 1966 watu wa Michigan waliripoti mianga. Mshauri wa mradi, mwanaastronomia J. Allen Hynek, akasema huenda baadhi ilikuwa gesi ya kinamasi tu, ile inayotoka kwenye matope na kuweza kuwaka. Watu walikasirika, na walikuwa na haki! Lakini Hynek huyohuyo baadaye alitetea mashahidi wasikilizwe kwa makini. Hapo nilimpenda. Mvuvi aulizwe kwanza: ulitokea upande gani, ulikaa muda gani, ilikuwa kaskazi au kusi?