Nilivyoipata kaya ya babu kwenye minyaa

Kwetu palikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Malampaka, Maswa. Palikuwa. Operesheni Vijiji ilipofika mwaka 1974, kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye mashamba ya pamba zilipelekwa kupangwa kando ya barabara. Kwetu pakabaki mahame.

Nilipoanza kukusanya habari zake nilianza vibaya. Nilimtegea shangazi simu ya kurekodi, nikamuuliza: mlihama mwezi gani? Mlikuwa kaya ngapi? Akanijibu "zamani hiyo" kwa dakika arobaini. Baba mdogo alisema mengi, lakini yote ya kumsifu babu.

Kilichomfungua shangazi ni pamba. Mwezi wa saba nilimwomba jirani kiroba kimoja cha pamba mbegu, nikamwaga kwenye mkeka, nikajifanya sijui kuchambua. (Kusema kweli sikujua.) Mikono yake ikaanza yenyewe, nyeupe huku, yenye madoa kule, na maneno yakafuata. Walivyolala watoto juu ya lundo la pamba wakingoja mnada, wakiwashwa hadi asubuhi. Babu alivyowasimulia habari za wanunuzi wa zamani na mizani yao ya ujanja, hadi akina Paul Bomani wakawaunganisha wakulima, na mwaka 1955 shirikisho lao la ushirika likasimama. Hata hivyo babu hakuacha kusimama kando ya mzani, shingo ameinyoosha, mpaka gunia la mwisho.

Tukaenda mahame. Baba mdogo akatuonyesha mbuyu, akaapa kaya ilikuwa hapo. Shangazi hakumjibu. Alishika njia hadi kwenye ua wa minyaa uliobaki vipande vipande, akahesabu hatua, akasimama katikati ya mtama wa watu. Mwenye shamba alikuwa kijana. Akatuambia kipande kile mtama wake hustawi hadi majani kuwa meusi kila mwaka, naye hajui kwa nini.

"Zizi la baba," shangazi akacheka. "Unakula mavi ya ng'ombe wetu, mwanangu."

Hapo hapo, bila kuulizwa, akatuambia ambalo baba mdogo hakuwahi kulisikia: siku paa lilipoezuliwa, ndani kulikuwa na pamba ambayo haijafika mnadani. Babu alirudi usiku mara mbili kuibeba kichwani. Mara ya tatu akakuta imenyeshewa. Mwaka uliofuata alilima mahindi tu, na sisi wajukuu tulikua tukiambiwa aliacha pamba kwa sababu ya mgongo.

Simu ilikuwa mfukoni, sikurekodi neno. Niliandika yote jioni ile kwenye daftari, kesho yake nikamsomea shangazi, naye akanisahihisha mara tano.

Karibu na minyaa tulikuta jiwe la kusagia, limezama nusu. Shangazi alitaka turudi nalo. Kijana wa bodaboda akalitazama, akamtazama shangazi, akasema, "Bibi, chagua mmoja."