Kumbukumbu ya Mradi: Wasifu wa Nglanggeran, Kijiji cha Wakulima katika Vilima vya Java

Wasifu wa Nglanggeran ninaouandaa sasa una ramani ya msingi iliyokamilika, gurudumu la misimu lililo katika rasimu ya pili, na maelezo ya kilimo ambayo yanaendelea kurefuka. Kijiji hiki kipo katika tarafa ya Patuk, wilaya ya Gunungkidul, ndani ya Mkoa Maalumu wa Yogyakarta katika kisiwa cha Java, Indonesia, na kimegawanyika katika vitongoji vitano. Mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani lilikitambua kuwa miongoni mwa vijiji bora vya utalii, na tangu hapo karibu kila maelezo yanayochapishwa kukihusu huanza na wageni wanaopanda majabali yake. Mimi nimeamua kuanza na mashamba, kwa sababu watu wa Nglanggeran walikuwa wakulima muda mrefu kabla ya mgeni wa kwanza kulipa kiingilio, na wengi wao bado ni wakulima.

Ramani ilinilazimu kuanza nje ya kijiji. Gunungkidul kwa kawaida hugawanywa katika kanda tatu: kaskazini ni safu ya vilima vya Baturagung, katikati ni bonde la Wonosari, na kusini ni Gunung Sewu, nchi ya chokaa na mapango inayoshuka hadi Bahari ya Hindi. Nglanggeran kipo katika kanda ya kaskazini, ambayo mwinuko wake ni kati ya mita 200 na 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Nimeyachora kwa wino mzito majabali yaliyo juu ya kijiji, ambayo ni mabaki ya volkano iliyokwisha kufa, yaliyoundwa na vipande vya mawe ya volkano vilivyogandamana. Maandishi ya utalii hupenda kusema kwamba volkano hiyo ina umri wa miaka milioni 60 au 70, lakini wanajiolojia huiweka miamba hiyo katika kipindi cha Miosini, kilichoanza takriban miaka milioni 23 iliyopita, na hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyoingia kwenye wasifu wangu. Miaka milioni 20 inatosha kumstaajabisha yeyote.

Juu ya upande mmoja wa mlima kipo Kampung Pitu, makazi ambayo kwa desturi huwa na kaya saba tu. Familia zikizidi idadi hiyo, baadhi hutakiwa kuhamia chini. Nimeyaweka kwenye ramani kwa alama ndogo na maelezo mafupi, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa sana na wengine.

Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi ni gurudumu la misimu. Wakulima wa Java wana kalenda ya jadi iitwayo pranata mangsa, ambayo iliratibiwa rasmi mwaka 1855 chini ya Pakubuwana wa Saba, mtawala wa Surakarta. Mwaka wake huanza tarehe 22 Juni na una misimu 12 isiyolingana urefu: mifupi kabisa, ambayo ni miwili, ina siku 23 kila mmoja, na mirefu kabisa, ambayo ni ya sita na ya saba, ina siku 43 kila mmoja. Vipande vya gurudumu kwa hiyo haviwezi kuwa sawa, nami nimevipima kimoja kimoja kwa pembe yake. Nilipoweka mduara wa mvua ndani ya mduara wa misimu, mantiki ya kalenda ilionekana wazi, kwa maana misimu hiyo miwili mirefu huanza tarehe 9 Novemba na kuishia mwanzoni mwa Februari, wakati ambapo mvua imekwisha kushika na shamba haliachwi hata siku moja.

Mduara wa ndani kabisa ni wa mazao. Sehemu kubwa ya ardhi ya Gunungkidul hutegemea mvua peke yake, na desturi ya huko ni kupanda mbegu za mpunga katika udongo mkavu kabla mvua haijafika, ili mbegu isipoteze hata manyunyu ya kwanza. Katika shamba hilo hilo huchanganywa mahindi, karanga na muhogo. Mpunga hutangulia kuvunwa, na muhogo hubaki ardhini hadi katikati ya kiangazi, kisha humenywa na kuanikwa mpaka ukauke kabisa. Msomaji wa Mtwara au Lindi atayatambua mara moja kuwa ni makopa. Unga wake hupikwa kwa mvuke na kuwa tiwul, chakula kilichowavusha watu wa vilima hivi katika miaka ya njaa, na ambacho leo huuzwa kwa wageni kama chakula cha kumbukumbu.

Maji ndiyo kiini cha ukurasa unaofuata. Mwezi Februari 2013 Sultani Hamengku Buwono wa Kumi wa Yogyakarta alizindua lambo lililochimbwa juu ya kilima kijijini hapa, ambalo sakafu yake imetandikwa plastiki ngumu ili maji yasinywee ardhini. Eneo lake ni takriban hekta 0.34 na lilikusudiwa kumwagilia bustani ya hekta 20 ya miti ya doriani na longani, yaani bustani iliyo kubwa kuliko lambo lenyewe karibu mara 60. Uwiano huo unaeleza kwa nini maji haya ni ya miti ya matunda na si ya majaruba ya mpunga. Wageni hupanda huko jioni kutazama jua likizama, lakini kwenye ramani yangu lambo limechorwa kama chombo cha umwagiliaji, na mstari wake unaishia kwenye bustani.

Kakao nimeipa nafasi ya kutosha. Hustawi chini ya kivuli cha miti mirefu, na kwa miaka mingi wakulima waliuza kokwa zilizokaushwa tu. Mwaka 2016 kilifunguliwa kijijini kiwanda kidogo cha kutengeneza chokoleti na vinywaji, hivyo sehemu ya thamani ikaanza kubaki nyumbani. Karibu na miti hiyo hufugwa mbuzi wa maziwa wa aina ya Etawa, ambao samadi yao hurudi shambani. Nimeunganisha mbuzi na miti kwa mishale katika mchoro mmoja.

Kinachofuata ni siku za soko. Wajava wana juma la siku tano ambalo masoko ya jadi hulifuata, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, linalokwenda sambamba na juma la siku saba, na majuma hayo mawili hukutana upya kila baada ya siku 35. Mzunguko huo hauingii ndani ya misimu 12 bila kuvuruga gurudumu, kwa hiyo nitauchora kama utepe peke yake chini ya ukurasa, nikianza na Legi upande wa kushoto.