Risasi tatu mezani, zote "tisa"

Leo nimetoka kwenye mafunzo ya walinzi hapa Tabora na bado nawaza tu.

Mkufunzi wetu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, kaweka risasi tatu za bastola mezani akasema haya wanangu, nani anitenganishie. Zote rangi moja, zote watu wanaziita tisa, yaani milimita tisa. Dogo mmoja akajibu fasta, afande si ni zilezile?

Mzee hakumgombeza. Akavaa miwani, akageuza moja moja, akasoma maandishi ya kwenye kitako cha ganda, taratibu, kwa sauti, kama mama anayesoma chupa ya dawa ya mtoto.

Kumbe ni aina tatu tofauti, .380, Makarov na 9x19: ganda la .380 lina urefu wa kama milimita 17, la Makarov 18, la 9x19 ndo 19. Milimita moja jamani! Halafu kichwa cha Makarov, ile sehemu inayoruka, ni kinene, kama milimita 9.27 hivi, cha 9x19 ni 9.01, sasa ukiilazimisha kwenye bastola isiyo yake unaweza kupasukiwa mkononi.

Akasisitiza, soma bastola yenyewe imeandikwa nini, soma na kitako cha risasi, visipolingana weka pembeni, risasi kuingia kwenye chemba, pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa, sio ushahidi kwamba ni yake. Na mlio ukiwa hafifu acha kufyatua, toa risasi zote ukague mtutu, maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo ndani.

Ule utulivu wake ndo umenigusa, hakuruka hata moja.

Walinzi wenzangu, na nyie wa Kigoma, mnakaguaje risasi mkikabidhiana lindo? Niambieni hapa.